Tumefuata nyuki mmoja tu

Kuna usemi unaotawala pande zote mbili za mpaka, kutoka Malaba hadi Busia, kutoka Amukura hadi Mulanda, kutoka Nambale hadi Lumino: nyuki ni nyuki. Mwenye kuuma na kutengeneza asali ndiye nyuki, na kingine chochote kinachovuma juu ya ua la malenge ni kidudu kisicho na jina wala kazi. Usemi huu ungeishia vijiweni, nisingeushughulikia. Lakini umeingia kwenye miradi. Umeingia kwenye semina za wakulima na kwenye michoro ya vitabu vya watoto, na kila tarehe 20 Mei, Siku ya Nyuki Duniani iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2017, hurudiwa majukwaani kwa maneno yale yale: tuwaokoe nyuki, tugawe mizinga. Fedha hutolewa kwa msingi huo, sumu hupulizwa kwa msingi huo, na moto huwashwa kwa msingi huo.

Naupinga usemi huu wote, si nusu yake. Kwanza nitaueleza kama wanavyoueleza wenye kuuamini, maana si watu wajinga na hoja zao si za kubezwa.

Wanasema hivi. Mkulima mwenye ekari moja na nusu, ya mihogo, mtama, wimbi na mboga kidogo, hana nafasi ya kuchungulia wadudu. Hao wengine ni wadogo mno. Kuwatofautisha kunahitaji hadubini. Nyuki wa asali anatosha: huzuru maua ya kila namna, huishi kwa maelfu ndani ya mzinga mmoja, na juu ya hayo hutoa asali na nta zinazouzika. Tena nyuki ni hatari. Nyuki wameua mbuzi waliofungwa kambani, wameua na watu, na mzazi mwenye watoto uani hawezi kusimama kuuliza kundi lililotua ukutani ni la aina gani. Mwisho, mambo ya aina na majina yana wenyewe: wako watafiti, waachiwe kazi yao.

Hizo ni hoja nne, na kila moja inaangushwa na mambo tunayoyafanya sisi wenyewe.

1. Eti ni wadogo mno, hatuwezi kuwatofautisha

Anayesema hivi Busia au Tororo ajiulize kuhusu kumbikumbi. Mtu yeyote aliyekulia huku, awe Mteso, Msamia au Mjapadhola, anajua kwamba kumbikumbi si wa aina moja. Wapo wanaotoka alfajiri, wapo wa alasiri baada ya mvua, wapo wa usiku wanaofuata taa. Anajua kichuguu kipi ni cha wapi, kipi hutoa wakubwa wenye mafuta, na wepi huitwa juu kwa kupiga vijiti ardhini. Watoto wa miaka saba wanayajua haya. Jamii inayomgawanya mdudu mmoja hadi saa yake ya kutoka haiwezi kudai kwamba macho yake hayatoshi kuwaona nyuki. Macho yapo, ila kumbikumbi huliwa na nyuki hawa hawajawahi kuelezwa kwamba nao wanatulisha.

Tena kazi yenyewe ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Duniani kuna takriban aina 20,000 za nyuki, na hakuna anayemtaka mkulima azijue zote. Anachohitaji ni kutambua makundi machache, na kwa hilo inatosha kuangalia mahali pane: mabawa, kiuno, alikobeba chavua, na anakolala.

Aanze na mabawa na kiuno ili awatoe wasio nyuki. Nzi wa maua amevaa mistari ya njano na nyeusi kama nyuki, lakini ana mabawa mawili tu badala ya manne, macho yamejaa kichwa chote, na husimama hewani bila kutikisika. Hana mwiba kabisa. Nyigu ana kiuno chembamba, mwili unaong'aa usio na manyoya mengi, na wengi wao hukamata viwavi na wadudu wengine kulisha watoto wao. Nyuki ana manyoya, na watoto wake hula chavua. Hatua hiyo peke yake huondoa nusu ya mkanganyiko.

Kisha aangalie chavua. Nyuki wa asali huilowanisha na kuibana iwe donge, akalibeba kwenye mguu wa nyuma. Nyuki wasiouma nao hubeba mguuni, ila wao ni wadogo sana. Baadhi yao hawamzidi mbu kwa ukubwa, weusi, na mtu huwadhania sisimizi wenye mabawa. Nyuki mkata majani hubeba chavua chini ya tumbo, kwa hiyo akiwa juu ya ua la mbaazi huonekana kama aliyepakwa unga wa manjano tumboni. Ndiye anayeacha majani ya waridi yamekatwa vipande vya mviringo safi, na wengi humpulizia dawa wakidhani amekula jani. Hakula. Amekwenda nalo kuwajengea watoto wake chumba. Nyuki wa jasho, ambaye baadhi ya aina zake hung'aa kijani kama chuma, ni yule anayetua mkononi mwa mtu anayepalilia na kulamba chumvi. Mwingine wa kukimbia upesi ana mikanda ya buluu tumboni na ulimi mrefu. Hudunda kutoka ua hadi ua kwa sauti kali ya juu, na hakai mahali pamoja hata sekunde chache.

Mwisho aangalie anakolala. Mkubwa wao ni nyuki seremala, anayetoboa paa na nguzo za mbao kavu. Na hapa ndipo uzembe wa kutotazama unapojidhihirisha zaidi. Katika aina iitwayo Xylocopa caffra, jike ni jeusi tii lenye mikanda miwili ya njano au myeupe, na dume lote lina manyoya ya njano inayokaribia kijani. Watu wanaishi nao juu ya dari moja miaka yote na kuamini ni wadudu wawili tofauti: mweusi mbaya na wa njano asiyejulikana. Ni mume na mke.

Jambo la kusikitisha ni kwamba michoro ya vitabu haimsaidii mtoto. Mara nyingi atakuta picha ya nyuki mnene mwenye manyoya marefu, wa bustani za Ulaya. Nyuki huyo si mwenyeji popote Afrika kusini mwa Sahara. Mtoto wa Butula anafundishwa mgeni ambaye hatamwona mpaka amalize shule, na seremala aliye kwenye nguzo ya darasa lake hana ukurasa.

2. Eti nyuki wa asali anatosha

Hii ndiyo nguzo ya usemi mzima, na ndiyo iliyooza zaidi.

Chukua biringanya. Chavua yake imefungiwa ndani ya vifuko vyenye tundu dogo nchani, kama kopo la chumvi la mezani. Haimwagiki mpaka kopo litikiswe. Nyuki seremala hulikumbatia ua, hukunja mabawa, na kutetemesha misuli ya kifua kwa nguvu hadi chavua iruke nje. Wapo nyuki wadogo wa ardhini wanaofanya hivyo hivyo. Nyuki wa asali hafanyi. Hana tabia hiyo. Hapa Kenya, katika mashamba ya Nguruman, kusini ya mbali, utafiti wa Barbara Gemmill-Herren na Alfred Ochieng uliochapishwa mwaka 2008 uliwaonyesha wachavushaji wa biringanya kwa majina: seremala Xylocopa caffra na nyuki wa ardhini aitwaye Macronomia rufipes. Mzinga haumo.

Nyanya ni jamaa ya biringanya na ua lake linafanana. Ni kweli nyanya hujichavusha, na upepo huisaidia, sikatai. Lakini ua lililotetemeshwa hubeba tunda bora zaidi. Basi mwenye kumgawia mkulima wa nyanya mizinga mitatu kwa ahadi kwamba mavuno yataongezeka, amemwahidi kazi ya fundi ambaye hakumleta.

Pasheni nayo ina ua kubwa, na sehemu zake za uzazi ziko juu, mbali na mbochi. Nyuki wa asali hupita chini yake, akanywa, akaondoka bila kugusa chochote cha maana, na mara nyingine huiba chavua ambayo ingefanya kazi. Seremala hupita hapo na mgongo wake hufagia kila kitu. Mitoo, mboga ambayo hakuna meza ya Magharibi mwa Kenya wala Mashariki mwa Uganda isiyoijua, ina ua lililofumba. Linahitaji nyuki mzito na mwenye nguvu, kama seremala au mkata majani, kulikandamiza lifunguke. Anayeweka mbegu ya mitoo kwa ajili ya msimu ujao anafanya kazi na hao. Papai hata halimtegemei nyuki sana: nchini Kenya wachavushaji wake wakuu ni nondo wanaoruka jioni. Simlaumu nyuki wa asali. Ninawalaumu waliomtwika bustani nzima.

Ukivuka kwenda upande wa Uganda, tazama kahawa. Robusta ni mti wa nchi hiyo tangu asili, na hauwezi kujichavusha. Unahitaji chavua ya mti mwingine, iletwe na upepo au mdudu. Mtafiti Théodore Munyuli alipochunguza mashamba ya kahawa ya Uganda ya kati, aliyeonekana zaidi juu ya maua alikuwa nyuki mdogo asiyeuma, Hypotrigona gribodoi, mwenye umbo la mbu. Na katika matokeo aliyochapisha mwaka 2011, zaidi ya asilimia 90 ya wakulima aliowahoji hawakujua kwamba nyuki wana mchango wowote katika mavuno yao ya kahawa. Hiyo ndiyo bei ya "nyuki ni nyuki": zao la fedha za kigeni linalotunzwa na mdudu ambaye mwenye shamba hamhesabu.

Upande wa Kenya, si mbali na Busia, kuna Kakamega. Watafiti wakiongozwa na Muo Kasina walikadiria kwamba mwaka 2005 karibu asilimia 40 ya thamani ya mazao waliyoyachunguza kwenye mashamba madogo yanayouzunguka msitu ilitokana na uchavushaji wa nyuki. Msitu huo huo una mamia ya aina za nyuki. Mkulima wa Kakamega alikuwa akivuna kazi ya wote hao, si ya mizinga yake tu.

Kuna hesabu nyingine ambayo watetezi wa mzinga hawaipendi. Nyuki wetu wa asali ni mhamaji. Ukame ukizidi, maua yakikauka, au akisumbuliwa kupita kiasi, kundi zima huhama na kuacha masega. Ndiyo maana mizinga mitupu si ajabu huku. Seremala, mkata majani na nyuki wa ardhini hawahami hivyo. Maisha yao yote yamo ndani ya umbali mdogo kutoka tundu walilozaliwa. Mpango wa chakula uliojengwa juu ya mdudu anayeweza kuondoka Jumanne ni mpango dhaifu, na udhaifu wake unafichwa kwa kuhesabu mizinga iliyogawiwa badala ya matunda yaliyoshika.

3. Eti wote huuma, heri kuchoma

Hapa nazungumza na wazazi, na nazungumza kwa heshima, maana hofu yao ina msingi. Nyuki wa asali wa huku ni mkali kweli. Mwaka 1956 mtafiti Warwick Kerr alichukua malkia wa jamii hii kutoka Afrika, wakiwamo wa Tanganyika, akawapeleka Brazil. Makundi yakatoroka mwaka uliofuata, na uzao wao ulisambaa sehemu kubwa ya bara la Amerika ukiogopwa kwa ukali. Kundi lililotua kwenye mwembe karibu na choo cha shule si la kuchezewa.

Lakini angalia mgongano uliomo. Usemi unasema: wote ni hatari, waondoe, na usemi huo huo unasema: leteni mizinga. Mwenye hatari kubwa kuliko wote ndiye anayesambazwa kwa fedha za wafadhili, na wapole ndio wanaochomwa. Nyuki wasiouma, kama wanavyoitwa, hawana mwiba unaofanya kazi; wakikasirika huingia nyweleni na kung'ata kidogo. Madume ya nyuki wote hayana mwiba, akiwamo lile seremala la njano linalomkabili mtu usoni na kumtia hofu: haliwezi kumfanya lolote. Jike la seremala linaweza kuuma, ila usipolifumbata mkononi halina shida nawe. Wakata majani na nyuki wa ardhini huishi kila mmoja na tundu lake. Hawana kundi la kulipigania wala asali ya kuilinda, kwa hiyo hawakimbizi mtu.

Sasa hesabu tunachoharibu. Nyuki wasiouma huingia kwenye nyufa za kuta za udongo, wakaacha kimrija kidogo cha nta na utomvu nje kama mlango. Mwenye nyumba akikiona huziba kwa simenti au humwaga mafuta ya taa. Ndani kulikuwa na vyungu vidogo vya asali, haba kwa ujazo na yenye uchachu kidogo kwa ladha, na bei yake sokoni hupita ile ya asali ya kawaida. Wengine wa jamii hiyo hukaa ndani ya vichuguu, na vichuguu vinachimbwa vyote kwa ajili ya matofali. Matawi makavu ambayo seremala hutoboa hukusanywa kwa kuni hadi la mwisho. Kingo za njia zenye udongo mgumu usiolimwa, ambamo nyuki wa ardhini hutoboa vitundu vyao, hulimwa hadi ukingoni kwa sababu ardhi imekuwa haba. Siwaambii watu wasipike wala wasijenge. Nasema kila uamuzi wa aina hiyo hufanywa huku upande mmoja wa mizani ukiwa mtupu, kwa kuwa aliyemo tunduni hana jina.

4. Eti tuwaachie wataalamu

Wataalamu wapo. Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi yana makusanyo ya nyuki, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kilichoko Kasarani kimefanya kazi ya miaka mingi juu ya nyuki wasiouma wa Kakamega, na Makerere ina wasomi wake. Hakuna hata mmoja kati yao atakayekuwa shambani Matayos au Osukuru asubuhi mkulima anapojaza pampu.

Na pampu ndiyo inayoamua. Tangu viwavijeshi vamizi walipothibitishwa Kenya na Uganda mwaka 2017, dawa zimezidi kwenye mahindi, zao ambalo nyuki wa asali na nyuki wadogo hulifuata kwa chavua ingawa lenyewe huchavushwa na upepo. Kwenye kibandiko cha chupa huandikwa kwamba dawa ni hatari kwa nyuki. Onyo hilo kwa miaka mingi limetegemea majaribio yaliyofanywa juu ya nyuki wa asali. Ushauri unaofuata ni kufunga mzinga au kuuhamisha. Mzinga hufungwa, tundu la ardhini halifungwi, na anayelala ndani yake hapokei taarifa. Nyuki wa jasho ni mdogo mara kadhaa kuliko wa asali, na tone moja kwake ni jingi. Akifa jike mmoja mpweke, uzao wake wote wa msimu umekwisha, kwa kuwa hana maelfu ya dada wa kumrithi kazi. Kibandiko kinamlinda mwenye mzinga na kumsahau jirani yake mwenye biringanya.

Dawa pia huvuka mpaka. Chupa iliyonunuliwa upande mmoja hupulizwa upande wa pili, na onyo lake linaweza kuwa katika lugha ambayo mnunuzi haisomi. Kwa hali hiyo, kinga iliyobaki ni mtu mwenyewe kujua nani yuko juu ya ua lake na saa ngapi. Malenge hufungua ua alfajiri na kulifunga kabla ya adhuhuri. Anayepuliza saa mbili asubuhi anapuliza wachavushaji wake wakiwa kazini. Anayepuliza jua likizama anawapa nafasi ya kurudi makwao. Tofauti hiyo haigharimu shilingi, ya Kenya wala ya Uganda. Inahitaji tu mtu anayejua kwamba wapo.

Kwa hiyo maafisa ugani wa pande zote mbili waache kuripoti mizinga peke yake. Wenye maduka ya dawa za kilimo wamuulize mteja kama zao lake liko kwenye maua kabla ya kumkabidhi chupa. Walimu wawatoe watoto nje wakamtazame seremala kwenye nguzo ya darasa, na mkata majani kwenye ua la waridi la mwalimu mkuu. Na mradi wowote wa nyuki utakaokuja Busia au Tororo, wakulima waukatalie saini mpaka ujibu swali hili: hapa tunalima nini, na zao hilo huchavushwa na nyuki yupi?